Kutoka Wazo hadi Uhariri: Mafunzo ya Uelekezaji wa Filamu kutoka Kitui na Makueni

Ikisiri

Makala haya yanajadili hatua anazopitia mwelekezi wa filamu tangu wazo linapochipuka hadi filamu inapohaririwa na kuonyeshwa. Mifano mingi imetolewa Ukambani, hususan Kitui na Makueni. Yanatumia filamu ya Thank You for the Rain (2017), ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa na mkulima wa Mutomo, pamoja na zoezi dogo la filamu ambalo mwandishi alishiriki huko Makueni. Hoja kuu ni kwamba uelekezaji si ustadi wa mitambo pekee. Ni mfululizo wa maamuzi, na kila uamuzi unamgusa mtu aliye mbele ya kamera.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili huisoma tamthilia kwa undani, wakachambua maudhui, wahusika na mtindo, lakini filamu huiacha mikononi mwa wanafunzi wa mawasiliano. Mgawanyo huu hauna mashiko. Filamu ina msuko, ina wahusika, ina mandhari na ina lugha. Aidha, hadhira ya filamu leo ni pana kuliko ya tamthilia iliyochapishwa. Kijana wa Kibwezi au Mwingi ambaye hajawahi kununua kitabu cha tamthilia baada ya kumaliza shule hutazama filamu kwenye simu yake karibu kila siku.

Nchini Kenya mafunzo ya filamu yana historia ndefu kiasi. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya ilianzishwa mwaka 1961, na wengi wa watangazaji na watengenezaji filamu wa mwanzo walipitia mikononi mwake. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005. Baadaye, warsha za One Fine Day Films, zilizoasisiwa na Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, zilizaa filamu kama Soul Boy (2010) yake Hawa Essuman, Nairobi Half Life (2012) yake Tosh Gitonga na Kati Kati (2016) yake Mbithi Masya. Hata hivyo, shughuli hizi zimejikita Nairobi kwa kiasi kikubwa. Swali linalotuongoza ni hili: mwanafunzi aliye mbali na studio, mwenye kamera ndogo au simu tu, anaweza kujifunza nini kuhusu kazi ya mwelekezi?

2.0 Mwelekezi ni nani?

Njia nyepesi ya kumwelewa mwelekezi ni kumlinganisha na fanani. Bibi anayesimulia ngano jioni huchagua aanzie wapi, anyamaze wapi, aige sauti ya fisi wapi na amtazame mtoto yupi anapofikia pahali pa kutisha. Maneno ya ngano yanaweza kuwa yale yale aliyoyapokea kwa mamake, lakini ngano ni yake kwa sababu uteuzi ni wake. Mwelekezi naye hufanya uteuzi huo huo. Haandiki mswada kila mara, hashiki kamera kila mara, wala haigizi. Kazi yake ni kuamua hadhira ione nini, isikie nini, lini na kwa muda gani.

Tofauti kubwa ni kwamba fanani yupo mbele ya hadhira yake. Akikosea, mtoto atamsahihisha. Akichosha, wasikilizaji watasinzia naye ataona. Mwelekezi hayupo. Filamu ikishatoka haina wa kuiuliza. Kwa sababu hiyo, maswali ambayo fanani huulizwa papo hapo, mwelekezi hana budi kujiuliza mapema, tena kwa ukali.

3.0 Kielelezo: Mkulima wa Mutomo

Kisilu Musya ni mkulima mdogo kutoka Mutomo, Kitui. Kwa miaka kadhaa alitumia kamera kurekodi maisha ya familia yake, majirani zake na mabadiliko ya hali ya hewa yaliyokuwa yakiwaathiri: ukame, mafuriko na dhoruba. Akishirikiana na mwelekezi kutoka Norway, Julia Dahr, picha hizo ziliungana na zile alizozipiga Dahr, na matokeo yakawa Thank You for the Rain, filamu iliyotolewa mwaka 2017. Filamu inamfuata Kisilu kutoka shambani, kwenye mikutano ya wakulima, hadi mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi uliofanyika Paris mwaka 2015.

Kwa mwanafunzi wa uelekezaji, filamu hii ina mafunzo mawili. La kwanza linahusu mtazamo. Picha za ukame wa Ukambani tumezizoea: ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe, mama aliyebeba mtungi mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Aghalabu picha hizo hupigwa na mgeni aliyefika asubuhi na kuondoka jioni. Kamera ya Kisilu inakaa ndani ya nyumba. Inaona yale ambayo mgeni haoni, kwa mfano mzigo unaobaki kwa Christina, mkewe, pale mume anapoitwa mbali kuhubiri upandaji wa miti. Aliyeathiriwa na ukame si sura ya kuhurumiwa tena, bali ni mtu mwenye hoja, mwenye ucheshi na mwenye mgogoro wa nyumbani.

La pili linahusu muda. Dhoruba ilipoing'oa paa ya nyumba ya familia hiyo, kamera ilikuwapo. Kuna wasomaji watakaosema hiyo ni bahati. Naam, lakini ni bahati inayomjia yule aliyekaa. Mwelekezi wa filamu ya uhalisia hawezi kuiagiza mvua. Anachoweza ni kuwa pale, na kuwa tayari, kwa misimu mingi.

4.0 Maandalizi

4.1 Wazo na utafiti

Wazo la filamu si mada. "Ukame" ni mada. "Mkulima anataka majirani wabadilishe kilimo, lakini mvua inamwaibisha kila anapowaahidi mavuno" ni wazo, kwa maana lina mtu, lina haja na lina kizuizi. Mwanafunzi asipoweza kulieleza wazo lake katika sentensi mbili, aahirishe kukodi kamera.

Katika zoezi letu, tulikuwa wanafunzi wanne na tulitaka kutengeneza filamu ya dakika 12 kuhusu mchanga wa mito ya msimu huko Makueni. Mada hii ina uzito. Mito mingi ya Ukambani hukauka juu baada ya mvua, lakini maji hubaki chini ya mchanga, yakikingwa dhidi ya jua. Wenyeji huchimba visima vifupi mchangani na kuteka. Ndiyo maana vikundi vya mwethya vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika Kitui, Machakos na Makueni. Mchanga huo huo ndio unaotakiwa na wajenzi mijini. Malori yakiuzoa, maji hutoweka. Mizozo iliyotokana na jambo hili iliwahi kusababisha vifo, na mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga.

Hayo yote yalikuwa mada bado. Wazo lilipatikana tulipokutana na mama mmoja mzee ambaye kisima chake cha mchangani kilikuwa kimekauka, ilhali mwanawe wa mwisho alikuwa amewahi kupata riziki kwa kupakia malori. Hapo palikuwa na mtu, haja na kizuizi.

4.2 Mswada

Mswada wa filamu huandikwa kwa yale yanayoonekana na kusikika tu. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba mama alikumbuka ujana wake. Mwandishi wa filamu sharti aulize: kamera itaona nini? Labda mama anafungua kasha na kutoa ngoma kuukuu ya kilumi, akaipangusa vumbi, akairudisha bila kuipiga. Wanafunzi wa fasihi hukosea hapa zaidi ya wengine, kwa kuwa tumezoea kuwaamini wasimulizi.

Suala la lugha pia huamuliwa katika mswada. Wahusika wa Makueni watasema lugha gani? Kiswahili sanifu cha darasani vinywani mwa wachimba mchanga husikika kama kanzu ya kuazima. Nairobi Half Life ilipata nguvu kwa kuwaacha wahusika waseme Kiswahili cha mtaani, Sheng na Kikuyu kama wasemavyo. Sisi tulikubaliana mama aseme Kikamba, kijana achanganye Kikamba na Kiswahili, kisha tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini ya picha. Kufanya hivyo si kukidharau Kiswahili. Ni kukipa kazi ya kuwakutanisha watu, ambayo ndiyo kazi yake ya tangu jadi.

4.3 Mandhari, msimu na idhini

Mwelekezi hutembelea mandhari kabla ya siku ya kupiga picha, tena katika saa zile zile atakazopiga. Kitui na Makueni ziko karibu na ikweta. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kupanda upesi. Kati ya saa nne na saa tisa huwa juu ya utosi, na macho ya mhusika hugeuka mashimo meusi. Mwanga mzuri ni wa asubuhi na wa jioni, na haudumu. Ratiba yetu ilizingatia hilo: picha za nje kabla ya saa nne, mahojiano ya ndani adhuhuri, kisha mtoni tena baada ya saa kumi.

Msimu nao una kauli yake. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo wakulima wengi wa Ukambani huzitegemea zaidi. Anayetaka picha za mto mkavu akafika Novemba huenda akakuta maji yanapita, na barabara haipitiki.

Kisha kuna idhini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga filamu, na ni vyema mwanafunzi aulize mapema utaratibu unaomhusu. Chifu na wazee nao waarifiwe. Lakini idhini ya msingi ni ya mtu mwenyewe, na haitoshi kumpa karatasi atie kidole. Aelezwe kwa lugha yake filamu itaonyeshwa wapi, na nani, na kwamba anaweza kukataa hata baadaye. Mama wetu alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza swali moja: "Mtakuja kunionyesha kabla ya kuwaonyesha watu?" Tulijibu ndiyo bila kufikiri sana. Jibu hilo lilikuja kutugharimu, kama tutakavyoona.

5.0 Upigaji wa picha

Siku ya kupiga picha, mwelekezi awe na orodha ya picha anazozitaka. Kwa kawaida kila tukio huhitaji picha ya mbali inayoonyesha mahali, picha ya wastani inayoonyesha watu na matendo yao, na picha za karibu za nyuso, mikono na vifaa. Anayerudi nyumbani na picha za mbali pekee hatakuwa na cha kukatia wakati wa uhariri. Mikono ya mama ikichota maji kwa kata, miguu ikizama mchangani, uso wa mtoto anayesubiri zamu: hizi ndizo nyuzi za kushonea.

Kanuni ya pili ni ya mstari. Watu wawili wanapozungumza, vuta mstari wa kudhania kati yao, kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Ukiuvuka ovyo, mama aliyekuwa akimtazama mwanawe kulia ataonekana anatazama kushoto, na mtazamaji atadhani wamepeana visogo.

Kanuni ya tatu ni sauti, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini hasamehi maneno yasiyosikika. Upepo wa alasiri kwenye bonde la mto ulituharibia siku nzima ya kazi. Maikrofoni yetu haikuwa na kinga, na hakuna aliyevaa vipokea sauti masikioni kusikiliza. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Tangu hapo tulifuata utaratibu: mmoja husikiliza wakati wote, na kila picha huanza kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera ili sauti iliyorekodiwa kando iweze kulinganishwa na picha. Tulirekodi pia dakika moja ya kimya cha kila mahali, kwa maana kimya cha mtoni si kimya cha jikoni.

Zaidi ya kanuni hizo, mwelekezi huelekeza watu. Mwigizaji huambiwa anachokitaka mhusika wake, si sura ya kuvaa. "Unataka akuombe radhi bila wewe kutamka" humsaidia mwigizaji kuliko "kasirika kidogo." Kwa mtu asiye mwigizaji, maagizo yapungue zaidi. Mpe kazi aliyoizoea, kama kupembua pojo au kukuna nazi kwa watu wa Pwani, kisha subiri. Mikono ikishika kazi, uso husahau kamera.

6.0 Uhariri

Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi. Sijui methali inayoeleza uhariri vizuri zaidi. Tulirudi na takriban saa tisa za picha kwa ajili ya filamu ya dakika 12. Hatua ya kwanza ilikuwa kutazama zote na kuandika daftari: picha ipi, dakika ya ngapi, ina nini. Ya pili, kupanga picha kwa mfuatano wa hadithi bila kujali urembo. Ya tatu, kukata na kukata tena. Ya nne, kusawazisha sauti na rangi, na kuandika tafsiri. Mwelekezi anayeipenda picha kwa sababu aliipata kwa taabu ana hatari ya kuiacha hata pale inapoiua filamu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nguvu ya uhariri ilielezwa na Mrusi Lev Kuleshov mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa kwamba aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na picha tofauti, mara sahani ya supu, mara jeneza. Watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha huzuni, ilhali uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Maana haikuwa usoni. Ilikuwa kwenye kiungo.

Jambo hili tulilisoma kitabuni, kisha tukalitenda bila kulitambua. Tulikuwa na picha ya karibu ya mama akikaza macho, midomo imefumbwa, kwa sekunde sita hivi. Mhariri wetu aliiweka mara tu baada ya picha ya mwanawe akionyesha jinsi mchanga unavyopakiwa kwa beleshi. Sote tulinyamaza. Ilikuwa picha yenye nguvu kuliko zote: mama akimlaani mwana kwa macho. Tukaijengea filamu nzima juu yake.

Tulipotimiza ahadi na kumpelekea mama filamu kwenye kompyuta ndogo, alitazama kimya hadi mahali hapo, akainua mkono tusimamishe. Alisema kwa Kikamba, na maana yake ni hii: "Mimi sikumtazama mwanangu hivyo. Siku hiyo nilikuwa natazama mbuzi walioingia shambani kwa jirani." Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Tulirudi mjini tukabishana siku mbili. Upande mmoja ulidai kwamba picha ilisema ukweli wa jumla: akina mama wanateseka na vijana wanahusika. Upande mwingine ulisema kwamba ukweli wa jumla hauna haki ya kusingiziwa uso wa mtu mahususi, ambaye kesho atakutana kisimani na majirani walioona akimlaani mwanawe. Katika filamu ya kubuni, kiungo kile kingekuwa halali kabisa, kwani mwigizaji ameazima uso wake kwa mhusika. Katika filamu ya uhalisia, uso ni wa mwenyewe. Tuliikata. Mahali pake tuliweka picha ambayo tulikuwa tumeitupa: kijana akimshushia mama mtungi, wote wawili wakiwa kimya.

Haitakuwa kweli kusema kwamba filamu iliboreka. Wenzetu darasani walisema ilikosa mgogoro mkali, na nadhani walikuwa na haki. Lakini tuliionyesha uwanjani kwa shule ya kijijini, kwenye shuka jeupe, na mama alikaa mstari wa mbele pamoja na mwanawe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamepitia hatua za uelekezaji kuanzia wazo, mswada, mandhari na idhini, hadi upigaji wa picha na uhariri. Tumeona kwamba mengi ya yanayohitajika hayanunuliwi. Kutembelea mandhari mapema, kuorodhesha picha, kusikiliza sauti, kuandika daftari la uhariri na kusubiri msimu ni mambo ya nidhamu, na mkulima wa Mutomo ametuonyesha kwamba kamera iliyokaa inaweza kuona kuliko kamera ghali. Tumeona vilevile kwamba uhariri ndio mahali ambapo mwelekezi ana uwezo mkubwa kuliko wote, na anayehaririwa hayupo kujitetea. Kwa hivyo kuwaonyesha wahusika filamu kabla haijaonyeshwa kwingineko kusichukuliwe kama hisani ya mwisho. Kuingizwe katika ratiba na bajeti tangu siku ya kwanza, kama betri na nauli.

Zoezi kwa msomaji

(a) Chagua ngano moja ya jamii yako. Andika tukio lake la kwanza kwa kutumia yale yanayoonekana na kusikika pekee, bila msimulizi.

(b) Kwa kutumia simu, piga picha tano za mtu anayefanya kazi aliyoizoea: moja ya mbali, mbili za wastani na mbili za karibu. Ziunganishe kwa mifuatano miwili tofauti. Je, maana imebadilika?

(c) Mwonyeshe mtu huyo mifuatano yote miwili, kisha uandike alichosema.